Limekufa au limezimia? Kutabiri kupona kwa uziwi wa ghafla uzeeni

Simu inaita saa moja asubuhi. Mzee anaipokea, anaiweka sikio la kulia kama alivyozoea, anasema haloo, haloo, kisha anaitazama. Mtandao umekata, anajisemea. Anapiga mwenyewe namba ileile, na safari hii, kwa kuwa mkono wa kulia umeshika kikombe cha chai, simu inakwenda sikio la kushoto. Sauti ya binti yake hiyo hapo, safi kabisa: "Shikamoo baba, mbona unanikatia?" Anairudisha kulia. Kimya. Simu ni nzima.

Wengi hugundua uziwi wa ghafla kwa namna hiyo, kwa simu. Wengine hugundua alfajiri: mtu amelalia sikio lake zima, anaamka kumekucha na kushangaa kwamba leo hakusikia adhana wala jogoo.

Mzee wetu ni wa mfano tu. Tumpe miaka 71, presha anayoitibu, na kisukari cha vidonge. Kinachofuata nyumbani kwake kinafahamika nyumba nyingi. Duka la dawa wanamuuzia matone ya kulainisha nta. Jirani anashauri mafuta ya nazi ya uvuguvugu. Mkewe anasema ni maji ya kuoga, yatatoka yenyewe. Mjukuu, bila ubaya wowote, anauliza, "Babu, si uzee tu huo?" Siku ya tano inapita, siku ya tisa, siku ya kumi na mbili. Hatimaye wanafika kwa daktari wa masikio, na swali la familia ni moja: litarudi?

Jibu la swali hilo limetafutwa kwa zaidi ya nusu karne, sasa linatafutwa hadi kwa kompyuta, na linapomhusu mtu mzima wa miaka sabini na kitu huwa na mitego ambayo hata madaktari hujikwaa ndani yake. Nitaifungua michache.

Kwanza, tunaongelea nini hasa. Kitaalamu, uziwi wa ghafla ni usikivu kushuka kwa angalau desibeli 30 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), katika masafa matatu, yaani ngazi tatu za unene au wembamba wa sauti, yanayofuatana kwenye chati ya kipimo, ndani ya saa 72, tatizo likiwa katika sikio la ndani au neva yake. Nta haimo, wala ngoma ya sikio iliyotoboka. Desibeli 30 zinaonekana namba ndogo, lakini kipimo hiki kinazidisha, hakijumlishi. Kila desibeli 10 ni nishati ya sauti mara 10, kwa hiyo desibeli 30 ni mara 1,000. Mnong'ono unapotea wote, na mazungumzo ya kawaida yanakuwa kama ya watu walio chumba cha pili.

Mholanzi aitwaye De Kleyn aliandika juu ya wagonjwa wa namna hii mwaka 1944, na tangu hapo imeonekana kwamba si ugonjwa wa nadra kama ulivyodhaniwa. Uchunguzi wa kumbukumbu za bima za Marekani uliochapishwa mwaka 2013 ulikadiria wagonjwa 27 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Kwa wenye miaka 65 na kuendelea, namba ilipanda hadi 77.

Uziwi wa uzee wenyewe hauji hivi. Huo hula polepole, mwaka baada ya mwaka, masikio yote mawili, ukianza na sauti nyembamba: mlio wa saa ya mkononi, herufi kama s na f, sauti za wajukuu. Hakuna mtu anayelala bila uzee akaamka nao katika sikio moja. Kwa hiyo "uzee tu huo" ni jibu baya kwa sikio moja lililozima usiku mmoja, na ubaya wake si wa lugha. Linamla mgonjwa siku, na siku ndizo anazozihitaji.

Lipo jaribio dogo unaloweza kulifanya sasa hivi hapo ulipokaa. Funga midomo, vuma "mmmm" kwa sauti ya katikati. Sasa ziba sikio la kulia kwa kidole huku ukiendelea kuvuma. Mvumo unahamia upande uliozibwa na kujaa humo kama nyuki ndani ya debe. Sikio lililojaa nta hufanya hivyohivyo: mvumo unaelemea upande mbovu. Lakini ikiwa sikio la ndani ndilo lililozima, mvumo hukimbilia upande mzima. Daktari hupima jambo hilohilo kwa uma wa chuma unaolia kwa hezi 512, yaani mitetemo 512 kwa sekunde, akiusimamisha katikati ya paji la uso, na jaribio lake linaitwa kwa jina la Ernst Heinrich Weber, Mjerumani wa karne ya 19. Kuvuma hakuchukui nafasi ya kipimo cha hospitali. Kunaweza tu kumtoa mzee kwenye foleni ya matone ya nta na kumpeleka kwenye foleni yake.

Sasa tuingie ndani ya sikio, maana utabiri wote unaanzia humo. Kiungo kinachosikia, koklea, kimejikunja kama nyumba ya konokono, na ukikinyoosha hakizidi sana milimita 35. Humo kuna seli za vinyweleo zipatazo 15,000. Jicho moja lina seli za kupokea mwanga zaidi ya milioni 100, kwa hiyo sikio limepewa mtaji mdogo mno. Seli zilizo karibu na mlango wa konokono hupokea sauti nyembamba, zile za kileleni hupokea sauti nene. Kwa binadamu, seli hizi zikifa hazioti tena. Na damu inaingia humo kwa mshipa mmoja mwembamba usio na njia ya mchepuko. Ukiziba, hakuna barabara ya pili.

Nini huzizima ghafla? Virusi, damu kutopita, kinga ya mwili kujigeuka, utando wa ndani kupasuka: vyote hivyo vinashukiwa. Kwa mgonjwa mmoja mmoja, hata hivyo, takriban mara tisa katika kumi chanzo hakipatikani hata baada ya vipimo. Familia nyingi hukasirika zikiambiwa hivyo. Zinadhani daktari hajui kazi, kumbe ndivyo ugonjwa wenyewe ulivyo.

Wahenga walisema sikio la kufa halisikii dawa, na wao walikuwa wakisema juu ya watu wabishi. Hapa msemo unageuka kuwa swali halisi la tiba: katika koklea hii, seli ngapi zimekufa, na ngapi zimezimia tu? Zilizozimia zinaweza kuzinduka, zenyewe au kwa kusaidiwa. Zilizokufa zimekwenda. Na koklea imo ndani ya mfupa mgumu kuliko yote mwilini. Hakuna anayeweza kukata kipande akakitazame bila kuiharibu. Kila utabiri, basi, ni kama kusimama barabarani usiku na kukisia watu waliomo ndani ya nyumba kwa kuhesabu madirisha yenye taa.

Dirisha la kwanza, na kwa maoni yangu kubwa kuliko yote, ni chati ya kwanza ya usikivu, odiogramu. Mgonjwa anakaa kwenye chumba kisichoingia kelele, anavaa spika za masikioni, anabonyeza kitufe kila anaposikia mlio hata kama ni hafifu. Mhudumu anachora nukta: duara jekundu kwa sikio la kulia, alama ya x ya buluu kwa la kushoto. Kadiri mstari unavyoshuka chini ya karatasi, ndivyo usikivu ulivyopotea. Kina cha mstari huo siku ya kwanza kinasema mengi. Aliyepoteza desibeli 45 ana matumaini makubwa kuliko aliyepoteza 90, na hilo limerudiwa katika tafiti nyingi kiasi kwamba hakuna anayelibishia.

Umbo la mstari nalo linasema. Ukiwa umeshuka upande wa sauti nene na kuinuka kwenye sauti nyembamba, ni dalili njema. Ukiwa umelala chini sawasawa kuanzia mwanzo hadi mwisho, au unaporomoka kuelekea sauti nyembamba, matumaini yanapungua. Mlango wa konokono ndio dhaifu, kilele ni kigumu zaidi kuuawa.

Kuna utafiti wa Wilson na wenzake, wa Marekani, wa mwaka 1980, ambao hadi leo kila mtu wa fani hii anautaja. Waliwapa wagonjwa steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe na kinga ya mwili, au kidonge kisicho na dawa, bila mgonjwa wala daktari kujua nani amepewa nini. Waliopewa steroidi walipona 61%, wale wengine 32%. Namba hizo mbili ndizo zinazokaririwa. Mimi huona kilichomo ndani yake kina uzito zaidi: wale ambao pengo lao lilikuwa kwenye sauti za katikati walipona wote, dawa au bila dawa, wale waliopoteza desibeli 90 na zaidi, dawa haikuwafanyia kitu. Faida yote ilionekana kwa waliokuwa katikati ya makundi hayo. Maana yake chati ya siku ya kwanza haitabiri tu nani atapona. Inadokeza pia nani ambaye dawa itamgusa.

Dirisha la pili ni kizunguzungu. Si kile cha kuinuka haraka kitandani, bali kile cha nyumba kuzunguka, mtu akishika ukuta na kutapika. Viungo vya mizani ya mwili vimo katika nyumba ileile ya mfupa, vinakunywa damu ya mshipa uleule. Vikiguswa pamoja na koklea, dhara limeenea, na matumaini yanashuka. Mlio ndani ya sikio, ule wa "wiiii" usiokoma, huja kwa wengi wao, lakini kwa utabiri haujawahi kutoa jibu moja: tafiti zingine zinausoma kama ishara njema, zingine mbaya. Mimi ningeuacha.

Umri nao umo katika kila orodha. Byl aliyewafuatilia wagonjwa 225 kwa miaka minane na kuchapisha jedwali lake la utabiri mwaka 1984 aliuweka, na waliomfuata wameendelea kuuweka: aliyevuka miaka 60 hupona kidogo kuliko kijana. Ukiishia hapo, mzee wa miaka 71 anahukumiwa kabla hajakaa kwenye kiti. Mimi nina mashaka na namna umri unavyosomwa, na hapa ndipo ningependa tukae kidogo.

Chukua chati ya mzee wetu. Sikio la kulia, lililozima, wastani wake ni desibeli 80; kwenye chati, namba ikiwa kubwa ndivyo usikivu ulivyo mbaya. La kushoto, analoliita zima, ni desibeli 40. Arobaini hizo ndizo uzee halisi, zilizojikusanya miaka ishirini bila yeye kujua, na bila shaka hata la kulia lilikuwa hapo kabla ya asubuhi ile ya simu. Anatibiwa. Miezi michache baadaye la kulia limerudi hadi desibeli 42.

Amepona? Inategemea unauliza nani. Vigezo vya Siegel, vya mwaka 1975, ambavyo bado vinatumika sehemu nyingi duniani, vinasema kupona kabisa ni kufika chini ya desibeli 25. Mzee ameishia 42. Kwa hiyo anaandikwa "amepona kwa sehemu". Lakini mwongozo wa chama cha madaktari wa masikio, pua na koo cha Marekani, uliotolewa mwaka 2012 na kupitiwa upya 2019, unalinganisha sikio bovu na lile zima: likirudi ndani ya desibeli 10 za mwenzake, na uwezo wa kutambua maneno nao ukakaribiana, amepona kabisa. Kwa kipimo hicho cha sauti, 42 dhidi ya 40, mzee huyuhuyu amepona vizuri kuliko alivyoweza kuomba.

Sikio moja, chati moja, hukumu mbili. Kwa kijana wa miaka 25 ambaye sikio lake lilikuwa na desibeli 10, vigezo hivyo viwili vinakubaliana mara nyingi. Kwa mzee vinagombana, kwa sababu cha Siegel kinamdai arudi mahali ambapo hakuwepo hata siku moja kabla ya ugonjwa. Basi ukisoma kwamba wazee "hawaponi kabisa", swali la kwanza liwe: walipimwa kwa rula ipi? Sehemu ya ubaya wa umri imo ndani ya rula.

Sehemu nyingine imo ndani ya kalenda. Kijana akizimika sikio kazini, anakwenda hospitali kesho. Mzee anaambiwa ni uzee, ananunuliwa matone, anafika wiki ya pili au ya tano. Sehemu ya tatu imo ndani ya mishipa: presha, kisukari na mafuta kwenye damu vyote hupenda umri mkubwa na vyote huumiza mshipa ule mwembamba usio na mchepuko. Ukivitoa vyote hivi, miaka yenyewe inabaki na uzito wake, kwa sababu koklea ya zamani ina akiba ndogo ya seli. Lakini ni uzito mdogo kuliko unavyoonekana ukisoma neno "umri" peke yake kwenye jedwali.

Kalenda hiyo nayo ina udanganyifu wake, wa kupendeza kidogo kwa anayependa hesabu. Tuchukue wagonjwa 100 wa kufikirika, na tuseme 30 kati yao sikio litarudi lenyewe ndani ya siku kumi, dawa au hakuna dawa. Hospitali inayowapokea watu siku ya tatu inawaona wote 100, inawapa dawa, na inawahesabu wale 30 kuwa imewaponya. Hospitali ya rufaa iliyo mbali inapokea watu wiki ya tano. Wale 30 haiwaoni kamwe, wapo nyumbani wanaongea na simu. Inawaona wale 70 wagumu. Sasa mtafiti anakuja, analinganisha, anaandika: anayewahi hupona, anayechelewa haponi. Ameandika ukweli nusu. Waliochelewa ni wale ambao tayari walikuwa wameshindwa kupona wenyewe.

Na kupona wenyewe kupo kweli. Mattox na Simmons, mwaka 1977, waliripoti kwamba 65% ya wagonjwa wao walirudi kwenye usikivu unaofaa bila kutegemea tiba yoyote maalumu, wengi wao ndani ya wiki mbili. Makadirio mengine ni ya chini, kama ile 32% ya Wilson. Asije mtu akasema basi tusubiri. Hakuna anayejua siku ya pili kama yeye ni wa kundi lile au la, na mlango wa dawa hauachwi wazi.

Mlango wenyewe ni huu. Steroidi za vidonge, mara nyingi prednisoni ya miligramu 60 kwa siku, hutarajiwa kuanza ndani ya wiki mbili za mwanzo. Zikishindwa, kuna steroidi ya sindano inayopitishwa kwenye ngoma ya sikio hadi sikio la kati, kati ya wiki ya pili na ya sita. Kwa mzee mwenye kisukari sindano hiyo ni habari kubwa. Vidonge humpandishia sukari, humnyima usingizi na hugusa presha. Sindano hubaki sikioni. Mwaka 2011 wagonjwa 250 wa Marekani waligawanywa, nusu vidonge, nusu sindano. Wa vidonge waliongezeka wastani wa desibeli 30.7, wa sindano 28.7. Tofauti hiyo haina maana kwa masikio ya mtu, na ilitosha kuonyesha kwamba sindano si njia ya daraja la pili. Wajerumani nao walijaribu kuongeza dozi za steroidi maradufu na zaidi kwa wagonjwa zaidi ya 300: kupona hakukuongezeka, madhara yakaongezeka. Kwa hiyo anayekwenda duka la dawa kujinunulia prednisoloni, ndugu ya prednisoni, akafikiri nyingi ndiyo nzuri, anajiumiza bure, na akiwa na kisukari anajihatarisha.

Turudi kwenye kutabiri, maana sasa mashine zimeingia. Wazo ni rahisi: ipe kompyuta rekodi za wagonjwa mia kadhaa, chati zao, umri, kizunguzungu, siku walizochelewa, vipimo vya damu, na matokeo yao, kisha iache itafute mpangilio. Mgonjwa mpya akija, itoe asilimia. Makala za utafiti za namna hii zinatoka kila mwezi. Kinachopendwa sana kuongezwa ni uwiano wa chembe mbili za damu nyeupe, nyutrofili kwa limfosaiti, kwa hoja kwamba kinga ya mwili ikiwa imechachamaa sana, sikio litapona kidogo. Hoja ina mantiki. Lakini uwiano huohuo hupandishwa na mafua, na jino bovu, na steroidi zenyewe kama damu imechukuliwa baada ya kumeza kidonge cha kwanza. Kwa mtu wa miaka 71, sababu za kuupandisha ni nyingi kuliko vidole.

Kompyuta hizi hazidanganyi, ila hufundishwa mahali. Iliyofundishwa kwenye hospitali ambako watu hufika siku ya tatu haijawahi kuona mgonjwa wa siku ya thelathini; ukimleta, inakisia kama mgeni anayeelekezwa njia za mtaa asioujua. Iliyofundishwa kwa kigezo cha Siegel imefundishwa kwamba mzee mwenye 42 hakupona kabisa, na itaurithi msimamo huo bila kuuliza. Ukiona programu inajisifu kwamba ni sahihi kwa asilimia fulani, ulizia mambo mawili: imejaribiwa kwenye hospitali nyingine tofauti na ilikozaliwa? Na neno "kupona" humo ndani lina maana gani?

Halafu kuna asilimia yenyewe. Daktari akisema "uwezekano ni 40%", familia husikia "hatapona". Arobaini katika mia ni watu wengi. Na ile 40% inahusu kundi la watu wanaofanana naye kwenye karatasi. Yeye sikio lake litarudi au halitarudi, hakuna sikio linalorudi 40%. Ingawa, tukisema kweli, hata hilo si sahihi kabisa, maana masikio mengi hurudi nusu njia: sauti inarudi, maneno yanabaki yamevunjika, kama redio isiyoshika stesheni vizuri. Ndiyo sababu kipimo cha kutambua maneno kina thamani kubwa kwa mzee kuliko wastani wa desibeli. Hakuna anayekwenda msibani au barazani kusikiliza milio ya hezi 1,000.

Kuna utabiri mwingine ambao kwa umri huu una uzito kuliko wa sikio. Mshipa unaolisha koklea ni tawi la mishipa ya ubongo wa nyuma, na kiharusi cha huko kinaweza kuanza kwa sikio kuzima na nyumba kuzunguka. Taiwan waliwafuatilia wagonjwa 1,423 wa uziwi wa ghafla kwa miaka mitano, matokeo yakachapishwa mwaka 2008: uwezekano wao wa kupata kiharusi ulikuwa mara 1.64 ya kundi la kulinganisha. Kwa hiyo sikio likizima pamoja na mdomo kwenda upande, maneno kuburuza, mkono kulegea au kutembea kama mlevi, hiyo ni dharura ya saa ileile, na daktari wa masikio atasubiri. Hata kama hakuna dalili hizo, presha na sukari zipimwe upya. Kipimo cha MRI, picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku, nacho huombwa kutafuta uvimbe kwenye neva ya kusikia, ambao hupatikana kwa wachache katika kila mia. Hapo kuna mtego mmoja zaidi: sikio lenye uvimbe huo linaweza kurudi kwa steroidi. Kupona hakufuti haja ya kipimo.

Siku ya kwenda, mzee abebe dawa zake zote kwenye mfuko mmoja. Gentamaisini, streptomaisini na kwinini zina historia ndefu ya kuumiza masikio. Dawa za nguvu za kiume pia: mwaka 2007 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza onyo la uziwi wa ghafla liandikwe kwenye vipeperushi vyake. Hilo mzee hatalisema mbele ya binti yake hata aulizwe mara tatu, kwa hiyo binti ampishe, atoke nje ya chumba dakika mbili.

Shirika la Afya Duniani liliandika mwaka 2021 kwamba takriban 78% ya nchi za kipato cha chini hazina hata daktari bingwa mmoja wa masikio, pua na koo kwa kila watu milioni moja. Ukiwa na namba hiyo kichwani, unaelewa kwa nini wiki mbili ni muda mfupi mno kwa aliye mbali na mji, na kwa nini mtu wa zahanati anayejua jaribio la kuvuma na kuandika rufaa leoleo anaweza kubadilisha utabiri kuliko programu yoyote.

Usikivu hupimwa tena tiba ikiisha, na mara nyingine hadi miezi sita baadaye. Kinachorudi hurudi zaidi wiki za mwanzo; baada ya hapo mabadiliko huwa madogo. Lisiporudi, kuna mashine ya kusikia, ile wanayoiita shimesikio, na kuna ya aina inayochukua sauti upande mbovu na kuirusha upande mzima. Kuna pia mambo yasiyo na bei: kumkalisha mzee mezani upande wa kulia kabisa, ili watu wote wawe kushoto kwake.

Binti ameipiga picha ile odiogramu kwa simu kabla karatasi haijapotea. Anaikuza kwa vidole viwili, anautazama mstari mwekundu ulioanguka, kisha anaona alama za x za buluu, sikio zima, zikiteremka taratibu kuelekea kona ya chini. "Baba, hata hili la kushoto, mbona liko hivi?" Miaka 71, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kupimwa.